Sidiria ya Watu Wawili

Katika soko la Mahoko sidiria ziliuzwa zikiwa zimerundikwa juu ya turubai, mikanda imeshikana kama mizizi. Mnunuzi aliinama, akavuta moja, zikaja tano. Aliyetaka kujaribu aliivaa juu ya blauzi yake, mbele ya watu wote, na muuzaji akamfungia nyuma huku akiendelea kuwaita wengine. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeangalia hata, isipokuwa mimi.

Nilikwenda Mahoko kila siku ya soko kwa sababu ya kazi. Nilikuwa karani katika mradi wa kilimo, na kazi yangu ilikuwa kuuliza bei za maharage, viazi na ndizi na kuzipeleka ofisini Gisenyi. Kuuliza ndiko kulikokuwa mkate wangu. Ningeweza kumuuliza mwanamke nisiyemjua viazi vyake vilioza vingapi njiani kutoka Kanama, na angenijibu. Lakini siku niliyohitaji sidiria sikuuliza kitu. Nilichukua iliyoonekana kubwa kuliko zote, nikalipa, nikaisukumiza chini ya karatasi zangu kama kitu cha wizi.

Haikunifaa. Mimba yangu ilikuwa imefika mwezi wa sita. Sidiria zangu za zamani zilikuwa zimeniachia mfereji mwekundu chini ya matiti, na hiyo mpya ilikuwa na waya uliokwisha kutoboa kitambaa. Nilipoinama mezani kuandika, waya ulinichoma ubavuni. Nilijifunza kuandika nikiwa nimekaa wima kama mtu anayepigwa picha.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Barabara ya Ruhengeri ilikuwa imeanza kupitika bila kungoja msafara wa askari, lakini watu walikuwa hawajaacha desturi ya kuwahi nyumbani. Jua likianza kushuka upande wa Goma, ng'ambo ya mpaka, milango ilifungwa, na kila nyumba ikabaki na watu wake. Nyumba yangu ilikuwa na mtu mmoja. Mume wangu alikuwa amehamishiwa kazi Cyangugu, kule ziwa linakoishia, na kumfikia kulitaka kuizunguka nusu ya nchi. Alipiga simu ofisini alipopata nafasi. Tuliongea mbele ya wafanyakazi wenzangu wote, kwa hiyo tuliongea juu ya mvua.

Sisi wawili tulizaliwa Karagwe, Tanzania, kwa wazazi waliokimbia nchi hii zamani. Siku zile mtu alijulikana kwa nchi aliyotoka aliporudi: huyu wa Zaire, huyu wa Uganda, huyu wa Burundi. Wa Zaire walikuwa wengi Gisenyi, na hata waliorudi hawakuwa wamehama kweli, maana dada au shangazi alikuwa bado Goma, mwendo wa kutoka kanisani kwenda sokoni. Wa Tanzania wengi walikaa Kibungo, mwisho mwingine wa nchi. Gisenyi nilizijua familia mbili tu za kwetu, na zote mbili zilikuwa zimekwisha hamia Kigali.

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyelisema jambo ambalo mimi nilikuwa nalizunguka. Alinipima tumbo, akasikiliza, akaridhika. Kisha akauliza, "Nani atakuwa mlinzi wako?"

Mlinzi, katika hospitali zetu, ni yule anayekaa na mgonjwa. Anapika, anafua, anatafuta maji ya moto, anamshika mtoto mama akienda msalani. Wauguzi wana kazi yao, na hiyo si yao. Mwanamke asiye na mlinzi analala kati ya wanaolishwa, anasikia harufu ya chakula cha wengine.

Nilisema mama yangu yuko Karagwe na magoti yamemkataa. Nilisema mama mkwe alifariki kabla sijaolewa. Muuguzi alitikisa kichwa kwa kila jibu, kama mtu anayefunga milango mmoja baada ya mwingine.

"Basi mtafute mapema," alisema. Halafu aliona alama ubavuni. "Na huu waya uutoe. Karibu na kizuizi kidogo cha mpaka kuna mama wa Goma, anapima wanawake wajawazito sidiria. Nenda kwake."

Yule mama alivuka mpaka kila asubuhi na sanduku la nguo, akafanyia kazi katika chumba cha mbele cha nyumba ya wifi yake upande wetu. Mlango ulizibwa kwa kitenge cha rangi ya manjano. Nilikuta mwanamke mnene, mwenye ushungi mweupe, miwani kwenye paji la uso na utepe wa kupimia shingoni. Ujanani aliuza nguo za ndani katika duka la Wagiriki kule Goma, na sidiria aliziita *sutie*, kama walivyoziita dukani.

"Karibu, mama. Ikala." Alinionyesha kigoda. "Mimba iko ya miezi ngapi?"

"Sita. Inaingia saba."

"Bon. Na mutu wako iko wapi?"

"Yuko Cyangugu, kikazi."

"Siulize bwana. Bwana atafanya nini humu ndani, atashika taa? Nauliza mwanamuke. Ule mwenye alikusindikiza."

"Nimekuja mwenyewe."

Alishusha miwani machoni akanitazama vizuri. Kisha akaanza kulifunga sanduku.

"Mama, mwenye mimba hapimwe peke yake. Kwa nyumba yangu, hapana. Sutie ya mimba ni ya batu babili. Mi napima, mutu wako anajifunza kufunga."

"Nitajifunga mwenyewe. Nimejifunga miaka yote."

"Aya. Funga basi."

Alinitupia moja. Niliingia nyuma ya kitenge cha pili, cha kona, nikavua yangu. Mikono yangu ilikwenda nyuma kama ilivyozoea, lakini mabega yalikuwa yamekaza na mgongo umejipinda kubeba tumbo. Kulabu ziligusa vitanzi zikateleza. Nilijaribu kuifunga mbele na kuizungusha. Ikakwama juu ya tumbo. Yeye alikuwa amefunua pazia kidogo, ananiangalia. Hakucheka.

"Sasa fikiri umezala," alisema. "Labda bamekushona. Maziwa imekuya, titi iko kama jiwe, mukono haifike nyuma. Ule muuguzi hana wakati. Donc sutie yangu inabakia chini ya godoro, na we unaambia batu mama wa kizuizi anauzisha bintu bibaya. Tena banamuke benye mimba banadanganya. Nauliza, inaumiza? Kila mumoja: hapana, iko sawa. Iko sawa, na mushipi unamukata! Mutu wako ndiye atasema kweli. Leta yeye. Hata kesho."

Nilitoka. Siku ile nilirudi nyumbani kwa njia ya ufukweni, chini ya ile mistari ya miti mirefu, nikiwapanga wanawake kichwani kama ninavyopanga bei. Mwenye nyumba yangu: mzee, haoni vizuri. Jirani wa kulia: tunasalimiana asubuhi na jioni, na kati ya asubuhi na jioni hatujuani. Wanawake wa kwaya kanisani: walinipa mkono kila Jumapili kwa mikono miwili, wakaniuliza habari za nyumbani, nami nikajibu nzuri. Kila niliyemfikiria nilijua anaishi wapi, ana watoto wangapi, amerudi kutoka wapi. Hakuna hata mmoja ambaye ningeweza kumwambia, njoo unitazame kifua.

Kwetu mimba haitangazwi. Mtu anaiona, ananyamaza, anangoja mwenyewe aseme. Karagwe nilizungukwa na mama, dada na shangazi, kwa hiyo ule unyamavu wa adabu sikuwahi kuuhisi; walionyamaza walikuwa wakimchotea mwenye mimba maji. Gisenyi niliuhisi. Tumbo langu lilikuwa limepita mbele za watu mji mzima na hakuna aliyelitaja.

Mwishowe nilimwambia katibu wa ofisi yetu, msichana aliyerudi kutoka Uganda, mchangamfu, ambaye tulikula naye mchana. Nilimwambia huku nikimenya chungwa, bila kumtazama.

"Sidiria?" alisema. "Ndiyo hiyo tu? Mimi nilidhani unataka kukopa. Jumamosi tunakwenda, tena baadaye unaninunulia samaki."

Jumamosi nilioga mapema, nikavaa kitenge kipya. Nilipofika ofisini tulikokubaliana kukutana, mlinzi wa getini alinyanyuka.

"Anasema umsamehe. Amepata gari la Kigali, lilikuwa linaondoka."

Sikumlaumu. Siku zile gari la bure la Kigali halikuachwa lipite. Hata mimi ningepanda. Lakini nilibaki nimesimama pale getini na kitenge changu kipya. Kurudi nyumbani kulikuwa kwenda kusikiliza redio ya jirani kupitia ukuta. Miguu ilishika njia ya mpakani.

"Umeleta mutu?" yule mama aliuliza kabla sijakaa.

"Amepata gari la Kigali."

Alifyonza. Halafu alinitazama usoni, na sijui aliona nini, maana hakufunga sanduku. Aligeukia mlango wa nyuma. Uani kulikuwa na mwanamke amechuchumaa, anampimia yule wifi sambaza kwa sahani. Alikuwa mtu mzima, mkavu, mwenye mikono mirefu, beseni lake limejaa wale samaki wadogo wanaong'aa.

"We mama wa sambaza! Nawa mukono, kuya hapa!"

"Mimi? Nimefanya nini?"

"Bado. Sasa ndiyo utafanya."

Alinawa kwa sabuni, akaambiwa anawe tena kwa limau, akaingia akijipangusa kwenye kanga. Alipoelezwa, alishika mdomo.

"*Reka!* Niache! Mi nimekuya na samaki tu. Hiyo kitu sijavaa hata siku moja. Kwetu Nyamyumba tunafunga kitenge, basi."

"Njo maana zako zimeshuka mupaka kwa kiuno."

"Zimelisha watoto saba! Waache wazee wapumzike!"

Walicheka wote wawili, yule wa sambaza amejiegemeza mlangoni. Nami nilicheka, na kucheka kuliniuma pale waya ulipokuwa ukinichoma. Mama wa Goma aliacha kucheka kwanza.

"Vua," aliniambia.

Alinipima chini ya matiti, akaniambia nitoe pumzi, akapima tena. Akapima juu yake, utepe umelegea, hakuuvuta. Alitafuta sandukuni, akatoa ya pamba, nyeupe, isiyo na waya, mikanda mipana, nyuma ina safu tatu za vitanzi. Akamsogeza yule mwanamke nyuma yangu, akamshika vidole kama mwalimu wa darasa la kwanza.

"Tazama. Mutu wa kawaida tunafungia safu ya inje, sababu lastiki italegea. Mwenye mimba tunaanza ndani. Mbavu zitafunguka, unamusogeza katikati. Siku ya maziwa, unamusogeza inje kabisa. Hapa chini vidole bibili bipite. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema."

"Leo ndani. Kisha katikati. Siku ya maziwa, inje. Vidole viwili."

"Funga."

Vidole vyake vilikuwa baridi na vigumu, vya mtu anayeshinda kwenye maji. Vilinigusa uti wa mgongo. Nilikuwa nimekwisha sahau kwamba mgongo wangu unaweza kuguswa. Tangu mume wangu aondoke hakuna aliyenigusa ila kwa kupeana mkono, na muuguzi, ambaye alishika tumbo lakini hakunishika mimi. Yule mwanamke alikosea mara ya kwanza, akaomba radhi kwa Kinyarwanda, akarudia. Aliweka kiganja chake kikavu kati ya mabega yangu ili nisimame imara, akafunga. Nilikuwa nimewapa kisogo wote wawili. Nilishukuru kwa hilo.

"Inua mikono. Inama. Kohoa." Mama wa Goma alizunguka mbele. "Inaumiza?"

"Hapana. Iko sawa."

"Anadanganya," ilisema sauti nyuma yangu. "Bega la kushoto. Mukanda unakata. Angalia anavyolipandisha."

Ilikuwa kweli. Mkanda ulilegezwa, na bega likashuka lenyewe. Nilipovuta pumzi hakuna kilichonichoma popote. Niliivuta tena.

"Bon," alisema mama wa Goma. "Sasa umepata mutu."

"*Yewe!* Mi niko na samaki zinaharibika," yule mwanamke alisema, lakini hakutoka mara moja. Alisimama anaitazama kazi yake mgongoni mwangu, nikahisi. "Utazalia wapi?"

"Hapa, hospitali."

"Na nani?"

Niliangalia sakafu.

"Mwezi gani?" aliuliza tena.

Nilimtajia.

"*Komera*," alisema, yaani jikaze. Akabeba beseni, akaenda. Hakuahidi kitu. Mimi ni mtu wa kusikiliza maneno ya watu sokoni, na najua tofauti ya neno lililotolewa na neno lililoachwa.

Baada ya hapo nilianza kuangalia mabeseni. Wauza sambaza waliingia mjini asubuhi kutoka Nyamyumba kwa miguu, mmoja nyuma ya mwingine, na wote kwa mbali walifanana. Mara moja nilidhani nimemwona, akikata kona kuelekea sokoni. Nilikuwa na sababu ya kumwita. Sikuwa na jina la kumwita. Nikasimama mpaka akapotea. Kila mwezi nilijitahidi mwenyewe kusogeza kulabu, mbele ya kioo, nikazidiwa na uchovu nusu ya njia, nikalala nayo hivyohivyo.

Uchungu ulipoanza nilipanda pikipiki nyuma ya kijana aliyeendesha polepole kuliko mtu anayekwenda mazishini, thermosi mapajani. Nilijifungua mtoto wa kike alfajiri, salama, wakanishona kidogo. Katibu wetu alikuja mchana na maua ya bustanini na maneno mazuri, akampigia simu mume wangu, akarudi kazini. Mume wangu alituma jibu kwamba anatafuta gari.

Wodini kila kitanda kilikuwa na mtu wake. Chini ya vitanda kulikuwa na masufuria, mikeka, viatu vya walinzi. Dada wa mama aliyelala upande wa dirisha alinipa maji ya moto bila kuombwa, akanipa na kiazi kimoja, na nikaona anavyohesabu kwa macho vilivyobaki kwa ndugu yake. Siku ya pili nilimwambia nimeshiba.

Siku ya tatu maziwa yalikuja. Mama wa Goma alikuwa amenionya, lakini sikudhani yanakuja hivyo, kama mafuriko, na joto lake. Matiti yaligeuka mawe. Mtoto alilia na kuteleza. Nilijaribu kuivaa ile sidiria nyeupe, lakini nilipoupeleka mkono nyuma, mshono ulinivuta na nikaona giza. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, sidiria imening'inia kifuani, mikanda mabegani, mgongo wazi, mtoto analia. Walinzi wa wengine waliangalia pembeni kwa adabu. Wanajua kuangalia pembeni, watu wetu.

Ndipo niliposikia mtu mlangoni anauliza kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya sokoni, kama hapa yupo yule wa Tanzania anayesema Kiswahili kama redio.

Alikuwa ameacha beseni lake nje, kwa mlinzi wa lango. Alikuwa na kibuyu cha plastiki chenye uji wa mtama, ule tunaowapa wazazi. Hakunisalimu. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akaja akapanda kitandani kwa goti moja nyuma yangu.

"Maziwa yamekuya?"

"Yamekuja."

"Basi inje kabisa," alisema, akafunga. Akapitisha vidole viwili, akavizungusha. "Pumua."

Nilipumua. Alinimiminia uji kwenye kifuniko cha thermosi, akamshika mtoto nikanywa, akamtukana kidogo kwa kulia sana, akamgeuza, akanionyesha namna ya kumweka mpaka akashika. Wodi nzima ilikuwa inatutazama. Mimi nilikuwa nalia, na yeye alijifanya anatafuta kitu dirishani.

"Samaki wangu wako juani," alisema.

"Nenda. Umefanya vya kutosha."

"Nimeuliza hapa asubuhi tatu. Langoni wananiambia mara hayuko, mara yuko wodi nyingine." Alijifunga kanga upya. Akatoka kwa hatua zake ndefu. Tena sikuwa nimeuliza jina.

Adhuhuri muuguzi alipita na daftari lake, akamwangalia mtoto aliyelala, akaangalia uji, akaangalia chini ya kitanda changu ambako hakukuwa na mkeka wala viatu.

"Mlinzi wako yuko wapi?" aliuliza.

"Ameenda sokoni," nilisema.

Akatikisa kichwa, akaenda kitanda kinachofuata. Nilimlaza mtoto upande wa ukuta, nikageuka ili niweze kuuona mlango, nikakaa hivyo mpaka wakaja kufunga madirisha.